Jogoo Aliyeudonoa Mwaka

Mwenye sufuria motoni aiepue kwanza, maana habari ya Nakhisa na jogoo wake haimtaki mtu wa kunyanyukanyanyuka.

Nakhisa alikuwa muuza chai wa Nakawa, nyuma ya soko. Hakuzaliwa Kampala. Alizaliwa ng'ambo, upande wa Chwele, Kenya, kwa Wabukusu, watu ambao ukifika kwao wasikuchinjie kuku, rudi ulikotoka ukaulize umekosa nini. Siku alipoondoka kuja kutafuta riziki Uganda, miaka michache baada ya vita vya huko kwisha, mama yake, Nanyama, hakumpa nauli wala kanga. Alimpa tetea mwekundu mwenye shingo tupu.

"Huu ndio ukoo wetu," alimwambia. "Usije ukakatika mikononi mwako."

Wanaojua wanasema yule tetea hakubebwa. Alitembea mwenyewe, akatangulia mbele ya Nakhisa hadi darajani Lwakhakha, na afisa wa mpaka alipomdai cheti, tetea akapanda juu ya meza akataga. Afisa akagonga mhuri kwenye yai, akawapungia mkono wapite. Kama ni uongo, basi ni wa yule afisa, kwani ndiye aliyelila lile yai na ndiye aliyesimulia.

Tetea akazaa, na waliozaliwa wakazaa. Watu walihama, nyumba zilipanda, Nakhisa aliolewa akaachika, na bado kila asubuhi uani kwake palitembea wekundu wenye shingo tupu, wakitazama watu kama wenye nyumba. Soko zima lilimwita Mama Kuku. Nanyama alipofariki kule Chwele, Nakhisa alirudi kumzika, akalia, akarudi Kampala, na alipofungua mlango wa uani akahisi mama amefika kabla yake. Wale kuku walikuwa na namna ile ile ya Nanyama ya kugeuza kichwa upande kumsikiliza mtu anayedanganya.

Pamoja na tetea, Nanyama alikuwa amempa bintiye mwiko. Mayai yanayoatamiwa hayahesabiwi, na siku zake hazihesabiwi. Ukiyahesabu umeyanyooshea kidole, na kitu kilichonyooshewa kidole hakikai. Kijijini mwiko huo haumsumbui mtu. Tetea anajua siku zake mwenyewe, wewe unasubiri tu sauti. Lakini Nakhisa alitaka vifaranga wengi kuliko mbawa za matetea wake, na mdogo wake wa kiume, Wangila, aliyekuwa fundi wa kompyuta hapo mjini, akamtengenezea kabati la mbao lenye balbu za kutia joto, na juu ya kabati akaweka kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi moja.

"Mashine itahesabu," Wangila alimwambia. "Haina jicho baya, haina kidole. Wewe hutaona namba hata moja."

Na kweli hakuona. Siku ya kuweka mayai alibonyeza kitufe kimoja, basi. Kuanzia hapo kompyuta ililia mara tatu kwa siku, tii-tii, kama kinda aliyeachwa nje, na kila ilipolia Nakhisa aliingiza mikono katika joto lile na kuyageuza mayai, moja moja, bila kuyahesabu, akiimba ili akili isije ikahesabu kwa siri. Siku zikitosha, mashine ilinyamaza. Ikinyamaza, mikono ndani marufuku. Vifaranga wanakuwa wanajipanga kwa safari, kichwa juu, mdomo tayari. Ukiwageuza wakati huo wanapotea njia humo humo ndani na kufa wamegusa mlango.

Basi ukaja ule mwaka umeme ulipokuwa ukiletwa kwa zamu, leo upo, kesho haupo, ziwa eti limepungua. Siku za giza Nakhisa aliwasha taa za chemli ndani ya kabati, akakaa kando yake akiuchunga moto. Wangila alikuwa amekwenda Juba kutafuta kazi. Na katika majuma yale yale, mayai yakiwa kabatini, kikaja kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku.

Kideri hakibishi hodi. Jumatatu kuku mmoja alisinzia amesimama. Ijumaa ua ulikuwa mweupe, kimya, umefagiliwa. Akabaki jogoo peke yake, Kamishna, na mayai yaliyokuwa katika joto la kabati. Hao ndio waliobaki wa ukoo wa Nanyama: baba mmoja mwenye huzuni, na watoto ambao hawajazaliwa.

Kamishna alizunguka ua siku mbili akiwaita wake zake. Siku ya tatu akaingia ndani. Kompyuta ilikuwa wazi ubavuni, kwa sababu Wangila alisema ikifunikwa inapata homa. Ndani yake, kwenye madabodi, ule ubao wa kijani unaobeba kila kitu, kulikuwa na betri ya duara inayong'aa kama shilingi mpya. Jogoo akachungulia. Mle ndani ya ule mng'ao akamwona jogoo mwingine, mdogo, mwekundu, shingo tupu, amekaa katika nyumba yenye joto.

Nakhisa alisikia kishindo akiwa anachuja chai. Alipofika, betri ilikuwa chini ya kitanda, kishikio chake kimevunjika, na ule ulimi wa chuma unaoibana betri ubavuni haukuonekana popote. Kamishna alikuwa anameza mate kama mtu aliyekula kitu asichokielewa.

Siku hiyo ilikuwa ya giza. Umeme uliporudi kesho yake, Nakhisa alibonyeza, mashine ikaamka, na kwenye kioo ikaandika kwa herufi nyeupe, bila haya: Januari mosi, mwaka 2000.

Alisimama akiitazama. Huko nje mvua ya Aprili ya 2006 ilikuwa inapiga mabati. Humu ndani ulikuwa mwaka mpya wa zamani. Akaketi kwenye kigoda. Joto la kabati likamfika magotini, balbu za njano zikapenya mwanya wa mlango, na taratibu ile siku ya mashine ikajaa chumbani kama harufu ya mkate. Mwaka 2000 kideri hakijaja. Uani wanapekua wekundu kumi na… hapana, hahesabu, wanapekua wengi. Mama yuko Chwele, amekunja sketi, anakoka moto, atapiga simu ya kibandani Jumapili na kuuliza, "Ukoo haujambo?" Nakhisa alikaa ndani ya siku ile mpaka chai ikakauka jikoni. Kisha mashine ikalia, tii-tii, na mikono yake ikanyanyuka yenyewe kwenda kugeuza mayai, na katikati ya mkono na yai akazinduka. Mashine ilikuwa inalia kama ya siku ya kwanza. Italia hivyo hadi lini?

Akampigia Wangila simu.

"Dada, mashine ikiona tarehe ya nyuma inadhani ni mayai mapya," sauti ya Wangila ilisema kutoka Juba, kwa mbali, kama anaongea ndani ya mtungi. "Imefuta hesabu ya zamani. Niambie, uliyaweka lini?"

"Wangila. Unaniuliza mimi?"

"Nilisahau."

"Wewe hukuhesabu?"

"Mimi pia ni mtoto wa Nanyama," alisema Wangila. "Ndiyo maana niliiachia mashine."

Dakika za simu zikawa zinakwenda. Mwishowe Wangila akasema la kufanya. Kwanza kishikio kitengenezwe, la sivyo kila zamu ya giza mashine itarudi Januari. Pili, apatikane mtu wa kuiambia siku mayai yalipoingia.

Nakhisa aliyamulika mayai kwa ile tochi ya mama yake, tochi ya bati ya betri mbili aliyorithi. Wiki ya kwanza yai likimulikwa huonyesha mishipa kama mto mwekundu. Haya yalikuwa yameshajaa giza. Yai lililobakiza siku saba za kugeuzwa na lililobakiza siku moja yote ni giza tu. Akalibeba lile sanduku la kompyuta kichwani kama kikapu cha ndizi, akashuka mjini.

Fundi wa kwanza alitazama akacheka. "Nyabo, mama, hii madabodi ilizaliwa na babu yangu. Nunua nyingine. Ila hii aina haipo tena." Wa pili alitaka kuunganisha waya juu ya betri yenyewe kwa moto. Wa tatu, alipoambiwa ulimi wa chuma uko wapi, alisema neno moja tu: "Mchinje."

"Nimchinje nani?"

"Jogoo. Uutoe."

Nakhisa alilibeba sanduku lake akaondoka bila kuaga. Ukoo mzima una baba mmoja, halafu mtu anakwambia umpasue kwa ajili ya kipande cha bati!

Ndipo alipomkumbuka jirani yake wa sokoni, Bi Mahfudha, fundi wa saa. Kwao walikuwa Waislamu wa Kampala wa tangu zamani, wa asili ya pwani. Inasemwa babu wa babu yake alikuja kwa miguu kutoka baharini amebeba saa ya ukutani mgongoni, ikipiga kila saa njiani, simba wakaamka kwa wakati. Haikukosea hata dakika moja ila Busoga, ilipochoka, wakaiacha ilale nusu siku chini ya kanga. Sasa simu za mkononi zilikuwa zimeua biashara ya saa, lakini Mahfudha alikuwa bado anakaa nyuma ya kisanduku chake cha kioo, kikuza kimeng'ang'ania jichoni, akiuchungulia ulimwengu kwa jicho moja kubwa na jingine dogo.

"Karibu, Mama Kuku," alisema. "Leo umeleta saa au jeneza?"

"Nimeleta saa, Bi Mahfudha. Ila imevaa koti kubwa."

Mahfudha aliinama, akachungulia. Kisha akacheka kwa pua. "Mie nilidhani hizi kompyuta ni za wasomi. Kumbe nazo zina moyo wa saa ndani, betri ya duara kama ya saa ya mkononi, ila kubwa. Nani kaivunja hivi?"

"Kamishna."

"Polisi?"

"Jogoo wangu."

"Afadhali. Wa polisi tungemwandikia barua."

Siku hiyo Nakawa hapakuwa na umeme, na pasi ya kulehemu ya Mahfudha ilikuwa imelala baridi. Akaahirisha kazi? La. Aliisogeza sigiri yake ya makaa, akachomeka motoni ufito wa shaba nyekundu aliorithi kwa baba yake. "Kabla ya umeme watu walilehemu," alisema. "Sasa nipe chuma. Kiwe chepesi, kiwe na mgongo wa kurudi kikibonyezwa. Kamani, ile springi ya saa, haishiki risasi ya kulehemu vizuri. Nataka shaba ya njano."

Walipekua visanduku vyote. Hakuna. Mahfudha akageuza kile kichwa chake chenye jicho kubwa, na jicho likatua kwenye mkoba wa Nakhisa, palipochungulia tochi.

"Ile ndani ya tochi," alisema polepole, "ule ulimi unaogusa betri. Ni shaba."

Nakhisa akaishika tochi kwa mikono miwili. "Hii ya mama. Ndiyo ninayoyamulikia mayai."

"Na umeyamulika yakakwambia nini?"

"Giza."

"Basi imemaliza kusema, mwanangu. Lete."

Mahfudha akaufungua mgongo wa tochi, akautoa ulimi, ukiwa umechakaa kwa miaka ya vidole vya Nanyama. Akaukata kwa mkasi wa bati, akaukunja juu ya msumari, akaujaribu kwa kucha: ukabonyea, ukarudi. Akautoa kwenye kishikio mzizi wa ulimi wa zamani kwa kibano. Ili ulimi mpya usiguse chini pasipotakiwa, alikata kipande cha kadi ya simu, zile za kukwangua, akakipenyeza katikati kama anayemtandikia mtoto shuka. Kisha akapaka mafuta ya kulehemu, akaitoa ile shaba motoni, nyekundu kwa aibu, akaigusisha kwenye risasi. Moshi ukapanda mwembamba. Ulinukia ubani. Nakhisa alisinzia amekaa wima, na katika usingizi wa kope mbili akamwona mama yake amesimama upande wa pili wa kile kisanduku cha kioo, akisubiri tochi yake, bila haraka.

"Amka, tayari," alisema Mahfudha. Betri ilikuwa imeketi mahali pake, shaba imeibana ubavuni, na juu yake uzi wa nailoni umepita mara moja, umefungwa fundo la fundi saa, lisiloonekana. "Yule fundi uliyenisimulia, aliyetaka kuichoma betri yenyewe, mwambie siku nyingine aanze na kidole chake. Betri ya namna hii ukiichoma inapasuka."

"Bado jambo moja." Nakhisa alikuwa anatazama chini. "Lazima iambiwe mayai yaliingia lini. Mimi sijui, na siruhusiwi kujua."

Akamweleza mwiko. Mahfudha hakucheka, ingawa alikuwa mtu wa kucheka hata matangani.

"Siku ya Maulidi," alisema, "nilikuletea sinia ya pilau. Ulinifungulia mlango kwa kiwiko. Mikono ulikuwa umeikunja hivi, hutaki kunisalimia. Ulikuwa umeshika nini?"

Nakhisa akainua uso taratibu. "Mayai. Ndiyo nilikuwa nayaingiza."

"Basi geuka."

"Nigeuke?"

"Geuka, utazame soko. Mwiko ni wa kwenu, si wa kwetu. Sisi tunahesabu mchana na usiku, na vidole tumepewa kwa kazi hiyo."

Nakhisa akageuka akatazama soko: nyanya, boda boda, mwanamke aliyebeba godoro. Nyuma yake alisikia midomo ya Mahfudha ikitembea bila sauti na kidole gumba kikipita juu ya pingili za vidole, moja baada ya moja, kama wafanyavyo baada ya sala. Halafu kidole kikasita.

"Nini?" Nakhisa aliuliza, moyo juu.

"Mwezi. Mwaka huu tuligombana. Sisi tuliuona jioni moja, wale wa msikiti wa pili wakauona kesho yake. Pilau yangu niliichukua kwetu au kwa shemeji yangu wa kule? Sinia ilikuwa ya shemeji. Lakini mchele ulikuwa wangu." Akapumua. "Kuna siku moja katikati hapo, inacheza."

"Siku moja inaua, Bi Mahfudha."

"Niambie wewe mwenye kuku. Ukiacha kugeuza mapema siku moja, vipi?"

"Wanavumilia."

"Na ukichelewa?"

"Wanafia mlangoni."

"Kale, sawa. Tutafuata mwezi wetu, wa kwanza," alisema Mahfudha. "Wale wa msikiti wa pili watanisamehe, wakila kuku."

Kesho yake umeme ulipokuja, Mahfudha alikwenda nyumbani kwa Nakhisa. Wangila aliwaelekeza kwa simu hadi ukurasa wa bluu ambako mashine huulizwa siku, na hadi pale pa siku ya mayai. Nakhisa alikaa uani na Kamishna, ameyafumba macho yote mawili, ya jogoo akiyaziba kwa kiganja. Mahfudha akabonyeza kwa kidole kimoja, akifoka, "Herufi hizi nani alizitawanya hivi?" Jioni mashine ikalia. Nakhisa akageuza mayai, moja moja, akiimba.

Siku iliyofuata ikawa ya giza. Alikaa na taa zake za chemli, mikono mapajani, na safari hii hakujua kama ageuze au asigeuze. Mashine ilikuwa imelala na siri yake. Ile shaba ndogo ya tochi, iliyokuwa ikigusa betri gizani, ndiyo peke yake iliyokuwa macho. Mchana akaona afuate neno la mwisho la mashine, akageuza. Jioni akageuza tena. Mayai yalikuwa mazito kama mtu anayefikiri.

Asubuhi balbu ziliwaka. Akabonyeza. Akafumba macho. Akafumbua.

Haikuwa Januari. Ilikuwa siku ile ile ya kalenda ya ukutani, mvua ile ile, Aprili ile ile. Chumba kikawa kidogo ghafla, kama nyumba baada ya wageni kuondoka. Mama hakuwa Chwele akikoka moto. Nakhisa akasubiri mlio. Chai ya asubuhi ikapita, hakuna. Saa sita ikapita. Jioni ikaingia na nzi wake. Mashine ilikuwa imenyamaza.

Akaukunja mkono mmoja juu ya mwingine, akavikalia vidole vyake, visije vikaenda kugeuza.

Kulala kwake siku zile hakukuwa kulala. Aliota ukoo wote unatembea juu ya maji ya ziwa lililopungua, kutoka upande wa pili, wekundu, shingo tupu, mbele yao tetea wa kwanza amebeba mhuri wa afisa mdomoni. Ndipo mmoja akagonga. Tk. Nakhisa akadhani ni ndotoni. Tk, tk. Kamishna, aliyefungiwa uani kwa amri, akawika saa nane mchana kama mwendawazimu.

Mahfudha alifika mbio, kikuza bado kiko jichoni. Walipiga magoti wote wawili mbele ya mwanya wa mlango. Ndani, katika mwanga wa njano, kulikuwa na kitu kilicholowa, chekundu, kikijifunza kusimama. Na kando yake ganda lilikuwa linapasuka, na nyuma mengine yalikuwa yanatikisika. Mengine yalikuwa kimya, na hayo yakakaa kimya hadi mwisho. Hakuna aliyeyasema.

"Wangapi?" Mahfudha aliuliza, kwa makusudi, mchokozi yule.

"Wapo," alisema Nakhisa. Machozi yalikuwa yanamdondoka juu ya sakafu.

"Wapo wangapi?"

"Bi Mahfudha! Nitakutoa nje."

"Basi malipo yangu. Fedha sitaki. Nataka kifaranga."

Yule aliyesimama wa kwanza akageuza kichwa upande, akamsikiliza Mahfudha kwa jicho moja, kama anayemsikiliza mtu aliyezoea kudanganya.

"Chagua," alisema Nakhisa, akipangusa uso kwa upande wa kanga. "Mchukue umtakaye. Ila usiniambie ni wa ngapi."